Mzee Manasseh na Sanduku Lililoshika Sabato

Jumatatu hii, tarehe 31 Desemba 1979, Mzee Manasseh Omwenga, fundi mkuu wa umeme, anastaafu baada ya kukitumikia Kiwanda cha Chai cha Nyabirongo kwa miaka kumi na sita. Miaka yote hiyo ametumikia akiwa amesimama. Mimi, Rispa Obura, mtunza stoo, nilimpa kiti kipya mwaka 1967. Kiti hicho bado ni kipya. Amekitumia kutundikia koti tu.

Wanaomfahamu hawashangai. Mzee huyu hatulii. Akiongea nawe, mguu mmoja uko kwako na wa pili umeshaelekea kwenye mashine. Ukimwambia asubiri, hukujibu kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo, na kabla hujamaliza kucheka ameshaondoka na bisibisi ya stoo. Haki yake nimpe: huirudisha, tena ikiwa safi kuliko ilivyotoka.

Alikuja hapa mwaka 1963, wakati kiwanda kilikuwa nguzo na matope. Ufundi alikuwa ameupata Keroka, kwa mwenye kinu cha posho ambaye mota yake ilikuwa ikiungua kila msimu wa mahindi. Waya wa kwanza wa kiwanda hiki aliuvuta yeye. Taa ya kwanza aliiwasha yeye, akaizima, akaiwasha tena, mpaka meneja wa wakati ule akamwomba aiache sasa ipumzike. Mwaka 1971 radi ilipotupasulia transfoma, alizungushia shaba chini ya ardhi kiwanda kizima. Radi za Kisii hazibishi hodi, lakini tangu siku hiyo zimekuwa zikimalizia hasira zao kwenye mikaratusi ya jirani. Mwaka uliofuata akafanywa fundi mkuu. Alipopewa habari hiyo alisema ahsante akiwa ameshatoka mlangoni.

Lakini moyo wake ulikuwa kwenye draya, yaani ile mashine ya kukaushia chai. Joto likizidi kidogo, chai inaungua na majani ya watu wa kijiji kizima yanakuwa makaa. Likipungua, chai inatoka na unyevu na kuota ukungu njiani. Kupima joto tulikuwa na vipimo, ndiyo, ila kipimo tulichokiamini kilikuwa pua ya Mzee Manasseh. Alikuwa akipita mlangoni, ananusa, anasema fungua hewa kidogo, na hewa inafunguliwa. Hakuna aliyeuliza kwa nini.

Shida ilikuwa Jumamosi. Mzee ni Msabato, mzee wa kanisa. Jua la Ijumaa likikaribia kuzama, huwezi kumshika hata kwa kamba. Basi Jumamosi moja ya mwaka 1968 draya ilishikwa na wazimu, moshi ukaanza kutoka, na mlinzi wetu Nyangau akakimbia hadi kanisani. Alipita katikati ya viti na kofia yake kichwani, mahubiri yakasimama. Mzee akainuka, akawaambia waumini kwamba Bwana mwenyewe aliruhusu ng'ombe aliyetumbukia kisimani atolewe siku ya Sabato, na kwamba chai ya watu ni ng'ombe wa watu. Akaja na suti yake, akaiokoa nusu ya chai.

Kutoka siku hiyo akahamia kiti cha nyuma kabisa, karibu na mlango, ili Nyangau asipate tabu. Miaka kumi na moja amesali huku sikio moja liko barabarani. Mkewe, Mama Mong'ina, aliwahi kuniambia sokoni, bila kucheka, kwamba yeye aliolewa na kiwanda na mume akaja kama zawadi.

Mwaka huu ndio ulioleta sanduku. Kampuni moja ya Nairobi ilitaka kujaribu kifaa cha kulinda joto la draya bila mtu, wakatuchagua sisi. Mhandisi wao, kijana mpole anayeitwa Cleophas Obiero, alilileta mwezi wa Septemba. Ndani ya sanduku kulikuwa na kitu cheusi kidogo chenye miguu pande zote mbili kama jongoo. Hicho ndicho chipu, na ndicho kilichobeba akili: joto likifika hapa, funga, likishuka hapa, fungua. Matata yake ni kwamba akili hiyo ikishaandikwa, kuibadilisha ni lazima chipu irudi Nairobi. Nasi tulihitaji kuibadilisha mara nyingi, kwa maana draya yetu ina tabia zake.

Kwa hiyo Cleophas akaleta na ubao wa kuigiza. Ulikuwa ubao wa kijani wenye vibonyezo na namba nyekundu zinazowaka, na kutoka kwake ukanda wa nyaya uliokuwa na miguu ile ile ya jongoo mwishoni. Unang'oa chipu, unapachika ukanda mahali pake, na sanduku linaamini kwamba ubao ndio chipu. Hapo unaweza kulisimamisha katikati ya kazi, kuliuliza linafikiri nini, kulibadilishia agizo na kuliacha liendelee. Kwa kuwa ulikuwa ukikaa kwenye kiti cha mwingine, sisi tuliubatiza Kaimu.

Kumwandalia Kaimu makao kulimrudishia Mzee ujana. Umeme wetu hutikisika mafeni ya kunyaushia majani mabichi yakiwashwa, naye Kaimu hakutaka mtikisiko, kwa hiyo betri ya lori ikatolewa gereji, na lori likashinda limelala. Cleophas alisema kwamba sufu huzalisha cheche ndogo zinazoua chipu, basi Mzee akapiga marufuku sweta katika chumba chote cha sanduku. Asubuhi za Nyamira mnazijua. Wanaume wazima walikuwa wakisimama pale wakitetemeka na mashati yao, wakimlinda mdudu mweusi asipate baridi yabisi ya umeme. Kisha kukawa na suala la ukanda, ambao ukiupachika kinyume unachoma kila kitu. Ulihitaji alama. Mzee wa kanisa akaja dirishani pangu, akatazama kulia, akatazama kushoto, akaniomba rangi ya kucha. Nilimpa ile nyekundu. Sijawahi kumwona akitembea haraka vile.

Sasa niseme jambo ambalo kila mtu alilijua na hakuna aliyelisema kwa sauti. Meneja alikuwa ameshamweleza Mzee kwamba majaribio yanaisha pamoja na mwaka. Sanduku likifaulu, apumzike kama ilivyopangwa. Likishindwa, litarudi Nairobi na yeye ataombwa abaki miaka miwili zaidi, kwa kuwa hatuna pua nyingine. Mama Mong'ina alikuwa ameahidiwa Desemba. Mzee mwenyewe hakusema anataka lipi. Nilimwona akilehemu nyaya za sanduku hilo kwa mikono iliyokuwa ikimfukuza kazi, na mara nyingine alisimama katikati, chuma cha kulehemu kikitoa moshi hewani, akawa anaitazama draya tu. Roho yangu ilikuwa ikiniuma. Nami pia sikujua niombe lipi.

Siku za kazi, Kaimu akiwa amepachikwa, sanduku lilifanya maajabu. Joto lilitulia. Kila Ijumaa jioni, jua likimkimbiza, Mzee alichomoa ukanda, akapachika chipu iliyotoka kuandikwa Nairobi, akafunga kifuniko, akamfungia Kaimu kwenye stoo yangu na kwenda zake. Jumamosi ya kwanza asubuhi Ogari, msimamizi wa draya, aliwasha swichi. Kimya. Sanduku halikufungua, halikufunga. Tukarudi kwenye vipimo vya zamani na jasho.

Jumapili Mzee alikuja mbio, akampachika Kaimu ili aliulize sanduku linaumwa nini. Sanduku likajibu kwamba ni zima, tena likafanya kazi mbele yake kama mtoto wa mwalimu. Akasema chipu iliandikwa vibaya. Ikaandikwa nyingine, ikafika kwa basi hadi Keroka, akaenda kuipokea mwenyewe. Jumamosi ikaja, kimya. Jumapili, Kaimu, uzima mtupu. Jumamosi ya tatu Ogari, ambaye ni Mkatoliki kama mimi, alivua kofia mbele ya sanduku na kutangaza: "Hii sanduku imeokoka. Jumamosi haishiki kazi." Kiwanda kizima kikacheka, na habari ikafika hadi kanisani kwa Wasabato, ambako nasikia kuna mama mmoja aliyetaka kuja kuliona.

Mzee hakucheka. Alikonda. Alitembea kutoka draya hadi stoo, stoo hadi draya, mpaka nikamwambia atanimalizia sakafu. Desemba ilikuwa imeingia. Alianza kusema, kama mtu anayejaribu kiatu, kwamba labda miaka miwili si mingi.

Dawa ilitoka jikoni kwake. Mama Mong'ina alimsikiliza akilalamika kwamba mashine inapona kila akija kuipima, akamjibu kwamba hata watoto wao walikuwa hivyo: siku baba yupo, vyombo vimeoshwa, siku hayupo, mbuzi wanalala njaa. Akitaka kujua tabia yao, akae mahali wasipomwona. Jumatatu iliyofuata Mzee alifanya jambo ambalo hajawahi kulifanya. Alimwacha Kaimu kwenye kabati, akapachika chipu peke yake, akakivuta kile kiti cha mwaka 1967 na kukikalia, mikono chini ya mapaja. Sanduku likakaa kimya mbele ya macho yake, Jumatatu, mchana kweupe.

Alimpigia Cleophas simu kutoka ofisi ya meneja, akiwa anazunguka mpaka pale waya wa simu ulipomruhusu. Wakawaza pamoja, mmoja Nairobi na mmoja huku. Cleophas akauliza Kaimu huwa analipatia sanduku nini zaidi ya akili. Mzee akasema: mapigo. Kila chipu inahitaji kitu cha kuipigia hesabu ya mwendo, kama moyo. Sanduku lina chake, kidude cha bati kidogo kuliko punje ya maharagwe. Lakini Kaimu huja na cha kwake. Wote wawili hawakuwa na sababu ya kufikiria jambo hilo, kwa kuwa kila walipolichungulia sanduku, walikuwa wamelipachika moyo wa kuazima.

Tulifungua. Kile kidude kilikuwa kimesimama vizuri, kimeshikwa na gundi, na mguu wake mmoja ulikuwa umekatika chini, mahali jicho halifiki. Bila shaka ni mashimo ya barabara yetu siku sanduku lilipoletwa. Nilimshikia taa. Alilehemu mara moja tu, akapuliza, akaniambia nisipumue. Akawasha. Nikaona kilango cha hewa cha draya kinafunguka chenyewe, polepole, Kaimu akiwa amelala kabatini. Mzee Manasseh akakaa tena kwenye kile kiti. Akasema kwa sauti ndogo kwamba sasa limesimama kwa miguu yake. Kisha akalia, nami nikalia, na Ogari akasema moshi wa lehemu ni mbaya sana.

Jumamosi iliyopita, tarehe 29, ilikuwa Sabato yake ya mwisho akiwa mfanyakazi wa Nyabirongo. Meneja alimwagiza Nyangau asithubutu kwenda kanisani, liwe liwalo. Sanduku lilifanya kazi tangu majani yalipoingia. Ogari alisimama kando na kofia mkononi, hakuwa na la kufanya, akanywa chai mpaka akaudhika. Kanisani, naambiwa, Mzee alikaa kwenye kiti chake cha nyuma karibu na mlango, akageuka kila viatu vilipolia nje. Ibada ikaisha. Hakuna aliyekuja kumwita.

Jioni Nyangau alimwona akipanda barabara na suti yake, Biblia kwapani, Mama Mong'ina hatua chache nyuma. Nyangau akakimbilia kufungua lango. Mzee akamzuia kwa mkono. Alisimama nje ya lango, akainua uso, akanusa. Akanusa tena. Halafu, anasema Nyangau, alimshika mkewe mkono, jambo ambalo wazee wa huku hawalifanyi barabarani, wakateremka kwenda nyumbani. Hakuingia.

Mzee wetu, ninaandika haya Jumapili na stoo imejaa bisibisi. Zote zipo, na sizipendi zikiwepo zote. Ahsante kwa nuru, kwa shaba iliyo chini ya miguu yetu, kwa asubuhi zile ulizotuvua sweta. Kiti chako tumekupakilia kwenye lori pamoja na zawadi nyingine, uende ukakae. Rangi ya kucha usinirudishie, mpe Mama, atajua la kufanya nayo.

Nyumba yenu iko upande unaoelekea upepo wa jioni. Tunakutakia maisha mema, wewe na Mama Mong'ina, na tunakuahidi kitu kimoja tu: kila jioni upepo ukivuka kilima, utakuletea harufu ya chai iliyokauka sawasawa. Ukiipata, usiinuke.