Cherehani ya Mama Julie Yagawanywa Vipande

Pale kona ya soko la Butembo kuna benchi moja lenye wabishi watatu ambao hata vita havikuwamaliza maneno. Julie ndiye anayewauzia kahawa. Kabla ya vita alikuwa fundi wa kushona, na cherehani yake ya miguu ilijulikana mtaa mzima. Askari walipoanza kupora nyumba kwa nyumba, aliifungua, vipande akawagawia hao watatu: gurudumu kwa Jéthro, pedali kwa Phinées, droo ya kuwekea pini kwa Vagheni. Aliwaambia wavitumie nyumbani kama makorokoro tu, ili mporaji asivitupie jicho. Meza akaiacha jikoni imejaa masufuria. Kichwa cha chuma alikimbia nacho hadi Kasugho, amekifunga mgongoni kwa kitenge kama mtoto mchanga. Sasa barabara zimetulia, amerudi na kichwa chake kizima, lakini kila akitaka kudai vipande vyake anaona haya. Utamdaije mtu aliyekutunzia kitu mbele ya bunduki? Ila kahawa haikuwa ikiwashibisha watoto, na asubuhi hiyo uvumilivu ukamwishia.

— Ba-papa, bile bintu byangu biko wapi?

Jéthro, anayeitwa Ministre kwa kupenda hotuba, alikohoa kwanza.

— Mama Julie, roue yako iko salama. Mais leo haiko tena roue ya masini. Iko poulie ya kisima! Kamba inapita pale, maji inapanda yenyewe. Quartier muzima banakunywa sababu yako.

— Na batoto yangu banakula nini?

— Maji pia inasaidiaka, Mama.

Phinées, mchoma nyama, ambaye kila mtu humwita Braise, akadakia:

— Mimi pedale niliiweka ku moto. Ile matobo yake, mafuta ya mbuzi inashuka pale muzuri sana. Hata ba-militaire balikulaka pale, habakuuliza ile chuma ilitoka wapi.

— Braise! Ulichoma pedale yangu?

— Niliipasha moto kidogo. Chuma inapendaka moto.

Vagheni ndiye Pasteur, ingawa hajawahi kuhubiri popote isipokuwa kwenye benchi hili.

— Mama, tuseme kweli. Mbele ya vita, masini yako ilikuwa na kazi moja tu. Leo iko na kazi tatu. Ile si masini tena, iko entreprise!

— Vraiment, alisema Ministre. Ukiiunganisha, donc unafukuza bafanyakazi batatu siku moja.

— Hata ile kichwa tuipatie kazi, alisema Braise. Iko nzito. Tunaifunga nyuma ya chukudu, ile baiskeli ya mbao, inakuwa frein. Mutu anatoka Lubero na mizigo yake ya viazi, anashuka mulima pole pole, haanguke.

— Hapana, frein ni kidogo, alisema Pasteur. Tuitundike ku kanisa, itoke kengele. Ukiipiga na nyundo, hata batu ba Beni batakuja kusali.

Wakacheka. Julie naye alicheka kwa midomo, lakini moyoni alikuwa amekasirika hadi machozi yanamlenga. Aliinamia birika ili wasimwone.

Hapo akafika dada mmoja, Abigaïl, mgeni kutoka Lubero, amekumbatia pazia lililokunjwa.

— Jambo yenu. Baliniambia kuko mama anashonaka hapa kona. Nataka hii pazia itoke chemise ya mutoto ya kuvaa ku masomo, inaanza siku ya lundi. Ule mama anashoneaka wapi?

Ministre alichungulia kikombe chake. Braise akachungulia cha Ministre. Julie angeweza kujibu, lakini safari hii aliwaachia wao makusudi, aone watafanya nini.

Ministre akaweka kikombe chini, akaondoka bila hotuba. Braise akamfuata.

Gurudumu lilirudi likichuruzika maji. Pedali ilirudi nyeusi ti, na Braise mwenyewe akaisugua kwa majivu mpaka mikono ikamuuma. Jikoni kwa Julie masufuria yakaondolewa mezani, kichwa kikakaa mahali pake. Julie alitanguliza ukingo wa pazia, akakanyaga. Harufu ya mbuzi ikapanda, sindano ikashuka, uzi ukashika. Akakanyaga tena kwa haraka. Akalia waziwazi, wala hakujali nani anamtazama.

Pasteur alifika mwisho, akitembea taratibu kama aliyebeba supu. Mikononi alikuwa na droo, na ndani ya droo, kuku.

— Mama Julie, nilikuwa naogopa kusema. Amelalia mayai. Unaweza shona bila tiroir, mupaka batoto batoke?

Julie alimtazama kuku. Kuku naye akamkazia macho, hana mpango wa kuhama. Julie akacheka, akacheka hadi akashika meza asianguke.

— Murudishe mama ya batu ku nyumba, Pasteur, baridi isimupate. Mapini nitashika na meno.