Watu Waliomzika Onesmo Magembe

Wasikilizaji wapendwa, haki ya Mungu mmoja, haya mtakayoyasikia leo ni kweli tupu. Sijatia chumvi wala ndimu. Asiyeamini apande gari aende Kurui, wilayani Kisarawe, akaulize mwenyewe.

Leo tunamkumbuka Onesmo Magembe. Mwinjilisti Onesmo Magembe wa Kurui. Alifariki mwezi uliopita Mlandizi, nyumbani kwa binti yake Devotha, akazikwa Kurui, shambani kwake. Hapa studio tunaye mjane wake, Bibi Honorata. Karibu, mtani.

"Asante, mtani. Sema. Mimi nasikiliza."

Anaitwa mtani kwa sababu marehemu alikuwa Msukuma, na anayewasimulia ni Mzaramo. Mnajua mambo ya watani. Mtani humcheka marehemu jeneza likiwa wazi, na wafiwa hawana ruhusa ya kununa.

Basi Onesmo aliingia Pwani kijana, akitembea nyuma ya ng'ombe wa baba yake. Ng'ombe wakapata malisho, yeye akapata kanisa. Kanisa gani, halitatajwa hapa. Alibatizwa, akafundishwa, akapewa mtaa wa kuongoza pale Kurui. Alihubiri, alizika wafu wa watu, alisuluhisha ndoa. Na alisoma. Wasikilizaji wapendwa, mtu huyu alisoma!

Siku moja alikwenda mnadani Mlandizi kuuza ndama. Bibi Honorata alikuwa akingoja bati za jiko.

"Wanaume wa wenzangu wanauza ndama wanarudi na bati," anasema. "Wangu alirudi na sanduku la makaratasi. Nikamwambia, baba Devotha, mvua ikinyesha nitajifunika kamusi ya Biblia? Akanijibu, jaribu, ni nene."

Sanduku lile lilikuwa zito. Punda aliyelibeba alipofika Kurui alipiga magoti mlangoni, watu wakadhani anasali. Humo mlikuwa na Biblia za tafsiri mbalimbali, na kamusi ambayo mende walikuwa wamekula mpaka herufi ya M. Mlikuwa na vitabu vya kufundisha namna ya kuchunga waumini, maisha ya mitume, maisha ya maimamu. Onesmo alikuwa akisema kiongozi wa dini asiyejua jirani yake anaamini nini, atawafundisha watu wake kumwogopa tu.

Kitabu kimoja hakikuwemo. Msahafu. Akaufuata Marui, kwa Mwalimu Salumu wa madrasa.

"Naomba kuazima kitabu chako nikisome," Onesmo alimwambia.

Mwalimu Salumu alimtazama kuanzia kofia hadi ndala. "Msukuma wewe, umetoka kukamua, mikono inanuka maziwa, miguu ina samadi mpaka kwenye ugoko. Kitabu changu hakishikwi hivyo. Birika lile pale. Nawa uingie."

Onesmo alinawa. Mikono, uso, miguu. Akavua ndala, akaingia, akatoka na Msahafu wa kuazima. Kuanzia siku hiyo, kila Alhamisi, hivyo ndivyo ilivyokuwa. Alinawa, akavua ndala, akaingia. Shikeni hapo, wasikilizaji wapendwa. Alinawa kwa sababu alikuwa mgeni mwenye adabu, basi.

Na wale wawili walikuwa na kanuni yao. Hubishani na kitabu cha mwenzako mpaka kwanza umweleze kitabu chake, naye akubali kwamba umekieleza sawasawa. Onesmo atamweleza Salumu habari za Nabii Yusuf zilivyo katika Msahafu. Salumu atasikiliza amefumba macho.

"Bado," atasema. "Hapo umenichanganyia ya kanisani. Rudia."

Onesmo atarudia.

"Ehee. Hapo sasa. Hapo hata mimi ningesema hivyo."

Halafu zamu ya Salumu kueleza Injili.

"Bado, Mwalimu," Onesmo atasema. "Unaeleza msalaba kama mtu anayeeleza ajali ya basi. Weka na mapenzi kidogo."

Mara nyingi jua lilikuwa likizama ubishi wenyewe haujaanza. Kila mmoja akalala kwake na dini yake, imenyooka vilevile.

Sasa ingieni nami mahali pabaya.

Alhamisi moja, Evance wa kwaya alikuwa akipita Marui na pikipiki. Akamwona mwinjilisti wake kwenye birika, ananawa miguu. Akasimama. Akatoa simu. Video fupi: Onesmo ananawa uso, Onesmo ananawa miguu, Onesmo anavua ndala, Onesmo anaingia nyumbani kwa mwalimu wa madrasa. Evance akaandika chini yake: "Mwinjilisti wenu huyu." Akarusha kwenye kundi la kwaya. Jioni ile ilikuwa imefika Mlandizi. Jumapili kanisa zima lilikuwa linajua kwamba Onesmo Magembe amesilimu.

Wazee wa kanisa wakamwita. Aliyeongoza kikao ni Mzee Lucian, ambaye Onesmo alimzikia mama yake kwa mikono yake mwenyewe.

"Ulikuwa unatawadha?"

"Nilikuwa nanawa."

"Kunawa gani mpaka miguuni?"

"Mzee Lucian, wewe ungeniruhusu niingie sebuleni kwako na samadi?"

Baadhi wakacheka. Lucian hakucheka. Akatoa masharti. Onesmo avilete vitabu vyote vya upande ule, na Msahafu ukiwa juu, avichome mwenyewe uwanjani mbele ya waumini, atubu, yaishe. Akikataa, anatengwa.

"Msahafu si wangu. Ni wa Salumu."

"Vizuri zaidi. Hupati hasara."

Onesmo akasema, "Mzee Lucian, mtu akiniazima ng'ombe wake wa kulimia, nimrudishie majivu?"

Akatengwa. Asiyejua kutengwa, asikilize. Mtu aliyetengwa haigusi Meza ya Bwana. Akifa hasomewi ibada. Kwaya haiji, mchungaji haji, kengele haigongwi. Onesmo aliyeongoza maziko ya nusu ya Kurui, sasa yake mwenyewe hayakuwa na mtu wa kuyaongoza. Na alikuwa ameshaanza kuumwa kisukari. Tangu siku ile alitaka kitu kimoja tu. Azikwe na kanisa lake. Hakudai cheo, wala hakutaka kuombwa radhi. Azikwe na kanisa lake.

Vijana wa Marui wakamfuata, kwa heshima zao zote.

"Shikamoo, mzee. Tumesikia wenzako wamekufukuza. Sisi kwetu nafasi ipo. Tutakustiri vizuri."

"Marahaba, wanangu. Mungu awabariki. Lakini Yesu hajanifukuza. Kanifukuza Lucian."

Mwalimu Salumu aliposikia alishindwa kukaa. Akavaa kanzu yake nyeupe na kofia yake ya kudarizi, Jumapili akaenda kusimama mlangoni mwa kanisa, watu wakitoka ibadani. Bibi Honorata alikuwa amemkataza. Alimwambia, Mwalimu, ukienda wewe utaharibu. Akaenda.

"Jamani, nimekuja kusema kweli," alisema. "Huyu mtu hajasilimu. Najua, kwa sababu nimejaribu! Miaka yote hii namvuta, hatikisiki. Ni kisiki cha mpingo."

Watu wakaanza kucheka, na kama kicheko kile kingeendelea kidogo tu, labda leo tungesimulia mengine. Lakini sauti ikatoka nyuma: "Mmeona? Kaja kumtetea mtu wake!"

"Siku ile ndipo mlango ulipofungwa kabisa," anasema Bibi Honorata. "Na aliyeufunga ni mtu aliyekuja kuufungua."

Kisukari hakikungoja. Kidonda kikatoka unyayoni, kikapanda. Mguu ukakatwa. Ulikuwa mguu wa kulia, ule ule wa kwenye video, na Kurui kuna midomo iliyosema, mnaona? Maneno hayo yakamfikia Onesmo, na nyumbani kwa Devotha pale Mlandizi akageukia ukutani kutwa nzima.

Pale kitandani alikuwa na swali moja. Kila simu ya Devotha ikilia: "Lucian kasema nini?"

"Kasema kikao kitakaa, baba."

Wiki ikapita. "Lucian kasema nini?"

"Kikao kitakaa."

"Mwambie sitaki kikao kikae. Nataka kinyanyuke kije hapa, mimi siwezi tena kutembea."

Devotha anasema baba yake alicheka mwenyewe aliposema hivyo. Halafu akamwomba amsomee Biblia. Akasomewa. Alhamisi alasiri, pikipiki zikipiga honi barabarani, Mwalimu Salumu akiwa njiani kutoka Marui kuja kumtazama, Onesmo Magembe alikata roho. Kikao kilikuwa hakijakaa.

Basi, wasikilizaji wapendwa, yale mazishi! Mlandizi haijawahi kuona. Gari la maiti lilipoingia barabara kuu, mabasi ya bara yalisimama yote, foleni ikarudi mpaka Chalinze. Abiria walishuka, wakavua kofia. Kurui kule wamejaa watu mpaka mihogo ya jirani ikakanyagwa. Kwaya nzima imekuja, Evance mbele, analia kamasi. Wazee wa kanisa wamekuja. Mzee Lucian kapiga magoti kwenye udongo mbichi, anasema nisamehe, ndugu yangu. Na kengele ya kanisa, haki ya Mungu, ikalia yenyewe, hakuna aliyeshika kamba, na...

"Mtani."

Naam, Bibi Honorata.

"Basi."

Mtani, ni utamu wa...

"Basi, mtani. Yale ya punda nimekuachia, ni ya kuchekesha. Mende na herufi ya M nimekuachia. Hili siachi. Mazishi nilikuwepo, na wewe ulikuwepo, umeshika chepe. Hao watu uliwaona wapi?"

Wasikilizaji wapendwa, mtani wenu kakamatwa. Fundi mitambo anaangalia vyombo vyake.

"Najua unanionea huruma," anasema Bibi Honorata. "Unataka nisikie kwamba mume wangu alizikwa na watu. Lakini waliobaki majumbani mwao siku ile wana redio. Wanakusikiliza sasa hivi. Wewe umewapandisha gari, umewaleta kaburini, umewatoa machozi. Kesho watasema tulikuwepo, hata redioni imesemwa. Umewasamehe wewe, kwa niaba yangu. Nani kakutuma?"

Hakuna aliyemtuma.

"Mtani akidanganya msibani hutozwa nini?"

Jogoo, mtani.

"Jogoo utaleta. Lakini kwanza warudishe hao watu. Mmoja mmoja. Hapo hapo kwenye kipaza sauti."

Deni la utani halina rufaa. Haya.

Mabasi ya bara, endeleeni na safari. Hamkusimama. Gari lililombeba Onesmo Magembe lilikuwa pikapu ya kukodi, na hakuna aliyegeuza shingo. Mihogo ya jirani, inukeni, hamkukanyagwa na mtu. Kwaya, rudini nyumbani. Hamkuja. Evance, futa kamasi, hukulia, ulikuwa Mlandizi unaangalia mpira. Wazee wa kanisa, rudini. Mzee Lucian, nyanyuka, magoti yako hayana udongo.

"Sasa waambie waliokuwepo."

Walikuwepo Bibi Honorata na Devotha, na majirani wachache wa kusini mwa shamba. Alikuwepo mtani na chepe lake. Jeneza halikuwa na wabebaji wa kupokezana. Waliolitoa barabarani ndio waliolifikisha, na njiani liliwekwa chini watu wapumue. Mchungaji hakuja, basi Bibi Honorata alifungua Biblia ya mumewe akasoma mwenyewe. Sauti ilikatika mara nyingi, na kila ilipokatika tulingoja.

"Na Mwalimu?"

Mwalimu Salumu alikuwepo. Kanzu aliiacha Marui, alikuja na shati la shamba. Alifukia kaburi mwanzo hadi mwisho, hakumpa mtu chepe lake. Na hakufungua mdomo. Mtu yule aliijua Injili ya Onesmo kiasi cha kuieleza na mwenyewe akakubali. Angeweza kusema neno ambalo mchungaji hakuja kulisema. Alinyamaza makusudi, midomo ameibana, ili kesho mtu asije akasema Onesmo Magembe aliombewa na sheikh. Alimwacha azikwe Mkristo. Alipomaliza alijipangusa udongo, akaenda zake Marui kwa miguu.

"Ndivyo ilivyokuwa," anasema Bibi Honorata. "Asante, mtani."

Wasikilizaji wapendwa, tunatoa pole kwa Bibi Honorata. Pole kwa Devotha, mumewe na watoto. Pole kwa ukoo wa Magembe, hapa Pwani na kule Usukumani. Pole kwa Mwalimu Salumu wa Marui, ambaye msiba huu watu hawajui kama ni wake.

Na ninyi mlio majumbani, wa kanisani na wa msikitini, sina mahubiri. Nina swali tu, na kila mtu ajijibu akiwa peke yake. Jirani yako unayemwogopa, dini yake unaweza kumweleza mpaka aseme hapo sasa, hata mimi ningesema hivyo? Na kama huwezi, ulichokihukumu ni kitu gani?

Apumzike kwa amani mwinjilisti Onesmo Magembe.

"Mtani, bado mmoja hujamrudisha."

Nani tena, Bibi Honorata?

"Kengele."

Kweli. Wasikilizaji wapendwa, kengele ya Kurui haikulia.