Mama Yuko Sanduku Lipi?

— Kwani mtu anayetafuta picha yake ya zamani huanzia wapi?

Hoja aliuliza hivyo kahawa ya kwanza ikimiminwa, na wazee waliokaa naye kwenye benchi wakajifanya hawajasikia. Benchi lenyewe lilikuwa mali ya studio ya picha. Miaka nenda rudi wateja walilikalia wakijipaka poda kabla ya kuitwa ndani. Sasa liko barazani, limebaki na wateja wa kahawa tu. Ndani mna masanduku thelathini na moja ya negativu, filamu za kusafishia picha, alizoacha marehemu baba yake, mpiga picha wa mtaa mzima. Mwenye nyumba anataka chumba chake mwisho wa mwezi. Hoja, aliyebandikwa jina hilo na wenzake wa mdahalo chuoni, ameapa kutengeneza tovuti ili wenye picha wazione, waje kuzichukua kabla hazijaenda jalalani. Wiki ya tatu hii hajaandika hata mstari mmoja wa programu. Anajaza daftari tu.

— Mwanangu, akasema Kinyozi wa mlango wa pili, haraka haraka haina baraka. Kwa hiyo anza leo!

— Baba mdogo, methali hiyo inakupinga wewe mwenyewe.

— Methali haimpingi mtu mzima. Mwaga picha zote humo tovutini, watu watajiona.

— Picha elfu kumi na nane? Nani atazipekua moja moja?

— Basi panga kwa nywele. Mtu husahau alichokula jana, lakini siku aliyonyolewa vibaya haisahau.

Fundi Saa alicheka mpaka kahawa ikampalia.

— Nywele! Panga kwa tarehe. Marehemu kaandika tarehe juu ya kila sanduku. Tena ongeza na saa. Kivuli cha pua kinasema kama ilikuwa asubuhi au jioni.

— Kivuli cha pua, ndani ya studio yenye taa? akauliza Hoja.

— Basi masikio! Sikio halizeeki. Mtu anaegesha sikio kwenye simu, picha yake inakuja.

— Na aliyetoboa?

— Waliotoboa watakuwa na ukurasa wao.

Kinyozi akasimama kabisa.

— Kikohozi ndiyo mambo yote! Unakohoa, tovuti inajua wewe wa ukoo gani. Mtoto wa nyoka ni nyoka!

Hoja akalipiga benchi kofi.

— Naomba kupinga! Kinyozi anataka nywele, fundi saa anataka saa. Kila mtu anajipangia yeye. Wenye picha mmewauliza?

— Wewe umewauliza? akasema Fundi Saa, kwa upole.

Hilo lilimchoma. Daftari lilikuwa na maswali mazuri, yamepangika, na majibu yake yote alikuwa ameyatunga mwenyewe, kitandani.

— Baba yako hakuwa na shida hii, Kinyozi akasema akikaa. Unasimama tu mlangoni, anakutazama: "Wewe ndiye uliyecheka nilipokukataza. Subiri." Anaingia, anatoka nayo.

— Siku ya harusi yangu aliniinua kidevu kwa kidole kimoja, akasema Fundi Saa. Kinanuka dawa za kusafishia picha. Alikuwa ametubeba wote kichwani, bwana. Akaondoka nasi.

Hoja aliinamia kikombe chake. Alikiona chumba cha giza, taa nyekundu, na yeye mdogo juu ya ndoo iliyopinduliwa, anaambiwa ahesabu mpaka thelathini. Akifika thelathini, uso wa mtu asiyemjua unachomoza kwenye karatasi iliyozamishwa majini.

Mwanamke aliyevaa sare ya uuguzi akasimama mbele ya benchi.

— Shikamooni. Hii ndiyo ile studio? Namtafuta mama yangu. Alipigwa picha hapa kabla sijazaliwa. Yuko sanduku lipi?

— Marahaba. Mwaka gani? akauliza Fundi Saa.

— Sijui.

— Nywele zake? akadakia Kinyozi.

— Alifunga kitambaa.

— Jina la kwenye risiti? akauliza Hoja.

— Nyumba iliungua, dada. Risiti, picha, vyote. Mama mwenyewe tumemzika mwezi uliopita. Najua alichonisimulia tu: nyuma yake palikuwa na pazia lililochorwa ngazi, naye akaweka mguu mmoja mbele, watu wadhani ndiyo kwanza ameshuka ghorofani.

Wazee wakatazamana.

— Pazia la ngazi! akasema Kinyozi. Mimi nilipigwa kwenye la maporomoko.

— Mimi la ndege, akasema Fundi Saa, nimeinua mkono kama naaga. Sijawahi kupanda ndege mpaka leo.

— La ngazi si ndilo lililochanika, mke wangu akalitia kiraka?

Katika kurasa arobaini za daftari la Hoja, pazia halikutajwa hata mara moja. Akafungua ukurasa mtupu, akasogea kumpisha mgeni.

— Dada, kaa hapa. Nisimulie kila alichokusimulia mama, taratibu, niandike.