Kilo Sabini Kwenye Mstari wa Thelathini na Moja

Benchi liko nyuma ya jengo la kampuni, karibu na mapipa ya taka, na Novemba ya Oulu, kaskazini mwa Ufini, hulilowesha kutwa nzima. Hapo ndipo wapima programu za kompyuta wa ghorofa ya tatu wanapovuta sigara, kunywa kahawa na kubishana. Siku hiyo Taimi alikaa katikati, karatasi nne za maelezo yake mapajani. Saa saba mchana angeitwa juu mbele ya wachunguzi. Mashine ya dripu ambayo programu yake waliipima wao ilikuwa imempa mtoto wa miaka minne dozi ya mtu mzima, na Jumapili mtoto akafa. Kisa cha kujaribu dozi ya mtoto, yaani orodha ya hatua za kuipima programu, kilikuwa kimenakiliwa kutoka kile cha mtu mzima. Kichwa kilibadilishwa, lakini mstari wa thelathini na moja ulibaki na uzito wa kilo sabini. Jaribio likafaulu. Chini yake palikuwa na sahihi ya Taimi.

— Nimeandika ukweli mtupu, alisema. Visa mia mbili na kumi na viwili, mistari thelathini na nane kila kimoja, na vyote vinaanza vilevile. Nesi anawasha mashine, nesi anaandika jina. Nani ataona tofauti?

— Hakuna, dada, alisema Armas, ambaye wenzake walimwita Nakili, maana tangu aajiriwe hajaandika kisa kipya. Huchukua cha zamani, hubadilisha neno, basi. Na wote walifanya hivyohivyo. — Dawa yake ni jedwali. Yale ya mwanzo yaandikwe mara moja tu, huko juu. Chini ni umri, kilo, dozi. Mgonjwa mmoja, mstari mmoja. Sabini ya mtoto ingekurukia machoni!

— Jedwali lenye mistari mia mbili? Utasinzia kwenye wa kumi, alisema Veikko, aliyeitwa Mchungaji kwa kuwa aliacha masomo ya dini mwaka wa pili. — Rangi, bwana. Kilichobadilika kiwe chekundu.

— Kila mtu atapaka chekundu chake, tufungue bucha kabisa, alisema Armas.

— Basi viimbwe! Kiitikio kimoja, beti tofauti. Jumatatu asubuhi tunasimama wote, tunaimba. Ukifika "ana miaka minne, ana kilo sabini", sauti yenyewe inagoma.

— Wewe hukumaliza hata kwaya ya kanisani.

— Nilifukuzwa, sikushindwa.

Taimi alitaka kucheka, kicheko hakikuja. Alikuwa anaogopa, na aliona aibu kwamba alikuwa anajiogopea mwenyewe.

— Mnasemaje, watanielewa? aliuliza. Nikiwaonyesha visa viwili ubavu kwa ubavu, wataona havisomeki?

— Watakuelewa tu, alisema Armas. Ila mimi ningeenda mbali zaidi. Kila mgonjwa wa kwenye jaribio apewe jina, picha, na kaburi kule nyuma ya maegesho. Ukimkosea, unampelekea maua.

Armas akaitupa sigara ambayo hakuwa ameifikisha nusu.

— Samahani, alisema. Mdomo wangu huu.

Mlango ukafunguliwa. Alikuwa Hilkka wa kantini, ameshika mfuko wa taka, sweta mabegani. Akausukumiza mfuko ndani ya pipa, akajifuta mikono.

— Nasikia ni yule mtoto wa kwenye habari, alisema. Maskini ya Mungu. Wangu naye ana minne, na mwepesi huyo, namwinua kwa mkono mmoja. Hivi yule wa watu alikuwa na kilo ngapi?

Armas alimtazama Veikko. Veikko akainamia kikombe chake. Taimi akafunua karatasi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Idadi ya visa ilikuwapo, idadi ya mistari ilikuwapo, na maelezo ya jinsi macho yanavyochoka yalijaa ukurasa mzima. Akaisoma ya nne mpaka chini, kwenye jina lake.

— Sijui, alisema.

— Hata wewe mwenye karatasi? aliuliza Hilkka.

Hilkka alisimama kidogo, kisha akarudi ndani bila kuaga.

— Saa saba, dada, alisema Armas kwa sauti ya chini.

Taimi hakuinuka.