Sabuni Inayotaka Maji

Mheshimiwa Chifu, Mchungaji wetu Alexander, mwenyekiti wa kikundi chetu Mama Loice, akina baba mlioacha kuchuma majani chai asubuhi ya leo, na nyinyi akina mama wenzangu wa Boito: chamgei! Hiyo salamu mmeitikia kwa usingizi. Chamgei tena! Sasa nimeamini mmekunywa chai.

Mimi ni Janeffer, bibi ya Kipruto. Shule niliachia darasa la nane, kwa hivyo nikikosea mnirekebishe nyumbani, si hapa.

Hili duka la kujaziwa sabuni tunalofungua leo lilianza na msichana wangu Cherono alipojifunza kutambaa. Kitu cha kwanza alichookota nyuma ya jikoni akatia mdomoni kilikuwa kipakiti cha sabuni. Nilipokitoa nikaangalia shimo letu la taka: vipakiti, chupa, vipakiti tena. Kila Jumamosi tulikuwa tunachoma, na moshi unarudi kwa nyumba. Nikajiuliza: ni mimi namlea huyu mtoto, ama ni hilo shimo?

Ndiyo kikundi kikaleta sabuni nzito yenye harufu ya ndimu, ile unapima kifuniko kimoja, unaongeza lita moja ya maji, na unajaziwa kwa chupa ile yako ya zamani.

Lakini niwaulize: hapa kwetu, mtu akiongeza maji kwa maziwa ya kuuza tunamwitaje? Mmesema wenyewe, mwizi! Kwa hivyo niliposema ongezeni maji, mama mkwe wangu, Mama Bilhah, yule pale mbele mwenye kitambaa cha kijani, aliniambia, "Janeffer, kwa hii boma hatuongezi maji." Akachukua sabuni vile ilivyo, akaoshea mtungi wa maziwa. Povu likafukuza kuku mpaka kwa majani chai. Akasuuza, akasuuza, akachoka. Kesho yake Omollo, anayepokea maziwa kituoni, akafungua mtungi, akanusa. "Mama, leo ng'ombe wako amekula ndimu?"

Chekeni, hata yeye anacheka leo. Siku hiyo hakucheka. Maziwa yalirudishwa mbele ya watu, na wamama kumi na wawili wakasema wanatoka kikundini. Nilijua tukibaki watatu, hakuna duka.

Wiki nzima Mama hakukanyaga kwangu. Jumapili akaingia jikoni kwangu na mtungi ule ule. "Nipimie, nione kwa macho yangu." Nikapima kifuniko, yeye akamwaga maji. Akaosha, akasuuza, akanusa, akanipa na mimi ninuse. Hakuna ndimu! Kesho yake Omollo akanusa, akapokea maziwa.

Mama hakuniomba msamaha, wala mimi sikuungoja. Alifunga kitambaa chake, akaenda kwa wale kumi na wawili, mlango kwa mlango, akiwaambia: "Maziwa hayataki maji. Sabuni inataka. Ni mimi nilikosea, si msichana wangu."

Msichana wangu! Miaka minne nimeolewa, kwake nilikuwa bado bibi ya Kipruto tu.

Wote kumi na wawili wako hapa. Lile shimo Kipruto amelifukia, tumepanda mboga ya managu, na Cherono anachezea hapo.

Mheshimiwa Chifu, najua mkasi wa kukata utepe ni wako. Lakini naomba uushike pamoja na Mama, na wa kwanza kujaziwa awe yeye. Mama, umebeba chupa? Ameiinua, mwoneni! Mungu awabariki kwa kunipa masikio yenu. Haya, tumfuateni dukani.