Kibao cha Janis Kisirudi Ukutani

Sogeeni, wanangu, nawe Kiarie zima hiyo simu, baba hafi mara mbili. Shule niliiacha darasa la tatu, lakini nionyesheni profesa aliyewatoa wazee wa kanisa jasho kama mimi!

Janis mnamjua, yule Mzungu niliyemtunzia maua Kitisuru. Kwao Ulaya aliwatumikia askari wa Hitler, akawaswaga majirani zake Wayahudi kama mbuzi hadi shimoni walikopigwa risasi. Akilewa alinisimulia mwenyewe, akicheka. Vita vilipoisha, Waingereza walimuuliza neno moja tu: unawachukia wakomunisti? Akasema, kuliko shetani. Basi akatakata, akapewa kazi na nyumba huku kwetu, akalijengea kanisa ukumbi, na alipokufa wakamtundikia kibao cha shaba: Mtetezi wa Imani.

Na ndugu yangu Mbuthia? Baada ya uhuru aliuliza barazani, hapa Riruta, wasio na ardhi watapewa lini. Wakapiga kelele: mkomunisti huyo! Kanisa likamtenga na Meza ya Bwana, akafa angali ametengwa, tukamzika bila mchungaji, mama akiimba peke yake. Neno lililomwosha muuaji ndilo lililompaka ndugu yangu matope.

Nilisema Janis ni muuaji, wakaniita mpayukaji, mpaka mwezi jana Anita, binti yake Janis, aliposafiri kutoka Ulaya akasimama mbele ya kanisa zima: “Mzee Kibe hasemi uongo. Baba yangu aliua.” Ukweli ukidhihiri, uongo hujitenga! Kibao kilibanduliwa siku hiyo hiyo, nami nikacheza na mguu wangu mbovu.

Leo asubuhi wazee wamekuja hapa kitandani: “Kibe, kubali kibao kirudi, waumini hawatakubali bila wewe, na ukumbi ni wake. Ukikataa tutakutenga, na hatutakuzika.” Kumtishia chura mvua! Nimewacheka mpaka wakasahau kofia.

Waithera, vyumba vya kupangisha ni vyako. Kiarie, duka la Ngara, na uache kulalia kaunta. Lakini atakayekubali kibao kile, asitie mchanga kaburini mwangu. Nizikeni ubavuni mwa Mbuthia, bila mchungaji. Watoto wa wazee hao wakija, wapeni chai. Ugomvi si wao.

Leteni viganja, niwatemee mate ya baraka… mdomo umekauka… haya, thuu! Mzae, mjenge… msiinamie mtu kwa kuogopa kuitwa jina. Unalia nini, Kiarie? Tumeshinda… Anza wimbo wa mazishi, nisikie… sauti mbaya hiyo… kaza, kaza, wausikie hadi barabarani…