Doreen Maki na Skripti 214 za Idara ya Maji

Marehemu Doreen Maki, dada yetu, alizaliwa Hibbing, Minnesota, tarehe 9 Machi 1956, kifungua mimba wa mchimba chuma, akamaliza sekondari hapo hapo mwaka 1974, akasomea hesabu Duluth hadi 1978. Tarehe 20 Juni 1981 alifunga ndoa na Einar, wakajaliwa mtoto mmoja, Kaisa, mnayemwona hapa mbele.

Mwaka 1984 aliajiriwa na idara ya maji ya mji wetu, akaandika skripti 214 za kuiambia kompyuta lini iwashe pampu, na kwa desturi ya siku zile, amri iliyo ndani ya amri nyingine aliifunga kwa vialama vilivyoinama, si kwa alama ya dola na mabano kama leo. Msidanganywe kwamba aliukataa usasa. Aliyeanza kuzibadili ni yeye mwenyewe, moja moja, kila moja akiijaribu kabla ya kugusa nyingine, kwa kuwa mikwaju, vile vistari vya mshazari, iliyomo ndani ya vialama husomwa vingine ikihamia kwenye mabano.

Alipofikisha 131, mkuu wake, Bwana Craig Lundeen, alichoka kungoja. Ijumaa tarehe 3 Novemba 2017, kesho yake msimu wa kuwinda kulungu unafunguliwa, bunduki iko tayari garini, alimwambia, "Doreen, acha uzee bwana, kompyuta itazibadili zote dakika moja," naye akamjibu, "Zijaribu kwanza, Craig, haya ni maji ya watu." Craig hakujaribu hata moja. Alizibadili zote 83 zilizobaki kwa mkupuo, akaenda zake porini.

Jumamosi pampu hazikuwaka, mji ukakaa bila maji kwa muda wa saa tisa, wazee wa nyumba ya kulelea wakiwemo, na Jumatatu ripoti ikasema kosa ni "skripti za kizamani za Doreen". Tarehe 10 alifukuzwa, baada ya miaka thelathini na mitatu. Aliandika barua saba akiomba ripoti isahihishwe, hakujibiwa hata moja, na hilo linatuchoma mpaka leo.

Mwaka 2021 aligunduliwa na saratani ya kongosho. Aliendelea na zile 83 akiwa kitandani, kwa nakala alizobaki nazo nyumbani, akaijaribu ya mwisho tarehe 8 Januari 2022, akafariki tarehe 12, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa Einar.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliotuletea chakula na kutuondolea theluji mlangoni, na wafanyakazi wenzake wawili waliosema kweli; waliobaki mnajijua. Bwana Lundeen, shada lako tumeliona, rudi nalo, utuletee ripoti iliyosahihishwa. Skripti zote Kaisa alizipeleka idarani juzi bila masharti, kama mama yake alivyoagiza, na maji mliyonawia uso leo yamepandishwa nazo.

Pumzika kwa amani, dada. Sisi hatupumziki bado.